Kwenda Ipole Kusoma Zamu za Mashine

Nilikwenda Ipole kwa sababu faili lilishindwa kuja Dar es Salaam. Wafuga nyuki wa kule walijaribu kulituma, wala siwalaumu. Mtandao wa kule ulilibeba kidogo kidogo, ukachoka njiani, nami nikapokea kipande cha katikati kisicho na mwanzo wala mwisho. Lilitoka kwenye kompyuta ndogo inayoendesha mtambo wa kupasha asali joto kabla ya kuchujwa. Tangi zima la asali lilikuwa limeungua na mnunuzi amelikataa. Mwendesha mtambo, dada mmoja aitwaye Kalunde, alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri kikao cha wafuga nyuki. Meneja alisema Kalunde alitoka, akauacha mtambo peke yake. Kalunde alisema alikuwepo, alibonyeza kitufe cha kuzima, na mtambo haukumsikia. Kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za kompyuta, basi wafuga nyuki wakaniomba niwaambie kompyuta yenyewe inasemaje.

Kompyuta ile ina programu nyingi na prosesa moja tu ya kuzitekeleza, kwa hiyo ndani yake kuna mgawa zamu: humpa huyu nafasi kidogo, humwondoa, humpa mwingine. Fundi aliyeufunga mtambo alisahau kuzima kinasa kinachoandika kila zamu. Katika kazi yake yote, hicho alichokisahau ndicho kilichotufaa.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda treni hadi Dodoma, kisha basi la Tabora linalozungukia Singida na Nzega. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi hii kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, wakielekea pwani. Mimi nilitoka pwani nimekaa kitini, nimebeba flashi tupu mfukoni, na bado nililalamika kwamba kiti hakilali.

Igunga tulisimama kupisha kundi la ng'ombe, nyuma yetu malori ya mpunga yakipiga honi. Nikafungua kompyuta yangu nikijaribu tena kukisimbua kile kipande. Mzee niliyekaa naye alichungulia.

"Hizo ni namba za simu?"

"Hapana, baba. Ni kumbukumbu za mashine."

"Mbona nyingine ni herufi?"

"Ikifika tisa, inaendelea na A."

Alijiegemeza kitini. "Basi ndiyo maana imeharibika."

Kwa tafsiri niliyokuwa nayo wakati ule, asali ya Ipole iliungua kabla kompyuta hazijabuniwa, na iliunguzwa na programu ambayo namba yake ilikuwa ndefu kuliko kioo changu. Faili la namna hii halina maneno. Ni mfululizo wa namba ndogo ziitwazo baiti tu, na bila yale maelezo ya mwanzo yanayosema wapi muda unaanzia na wapi jina linaishia, msomaji anakata popote na kupata upuuzi wenye sura ya hesabu.

Tabora nilifikia Kanyenye, kwa mama yangu mdogo, Bi Zuhura, anayeshona mashungi na kanzu nyuma ya duka la vitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umetoka Dar yote hiyo kuja kusoma faili?"

"Ndiyo, mama."

"Limeandikwa na nani?"

"Na mashine."

"Linasemaje?"

"Bado sijui."

"Basi kanawe mikono ule. Maneno usiyoyajua, hata ukichelewa kidogo hayakimbii."

Kesho yake nilichukua gari la Sikonge, kisha bodaboda hadi Ipole, nikapita mabani ya kukaushia tumbaku na mizinga iliyoning'inia porini. Meneja, Bwana Mihayo, alinipokea kwa mikono miwili na kunitembeza kwanza kwenye kioo kikubwa ukutani, kilichounganishwa na kompyuta ile ile ya mtambo. Kilikuwa kinaonyesha picha za uzinduzi wa mtambo. Bwana Mihayo na mkasi. Bwana Mihayo na utepe. Bwana Mihayo akionja asali, macho amefumba.

"Mwanzoni zilikuwa zinakwamakwama," alisema. "Nikamwambia fundi, haiwezekani, wageni wanatazama. Akazipa kipaumbele cha kwanza. Sasa zinateleza."

Nikasema ni kweli, zinateleza.

Kalunde alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Tulisalimiana "mwangaluka" kama ilivyo kule asubuhi. Hakuniomba chochote. Aliniuliza tu, "Hilo faili linaweza kusema uongo?"

"Lenyewe haliwezi. Anayelisoma anaweza."

"Basi soma polepole, dada."

Nililipata faili zima, na mwanzo wake ukanionyesha kosa langu. Mashine ile hupanga kumbukumbu zake kwa mafungu ya baiti nane nane, na panapobaki pengo hulijaza sufuri. Baada ya namba ya programu kulikuwa na pengo la namna hiyo, nami nilikuwa nalisoma kama sehemu ya muda. Nikaliruka. Papo hapo saa zikajipanga, majina yakasomeka, na siku ile ya tangi kuungua ikafunguka mstari kwa mstari.

Programu ya picha ilipewa zamu. Programu ya kipimajoto ikaamka, ikaandikwa "tayari", ikasubiri. Picha zikaendelea. Kisha ikaamka programu ya kitufe cha kuzima. Hiyo haiamki mpaka kidole cha mtu kiiguse. Nayo ikaandikwa "tayari", ikasubiri. Kila kidole kilipogusa tena, ukaja mstari mwingine. Niliteremsha kioo, mistari bado inakuja, imesongamana, ya mtu aliyekuwa anabonyeza kwa hofu. Hakuna hata mmoja uliopewa zamu wakati asali inaungua.

Mchana kikao kilikaa chini ya bati la ghala. Nilieleza. Bwana Mihayo alisikiliza kwa adabu, akakohoa. "Kwa hiyo tuseme mashine ilichoka."

"Haikuchoka," nikasema. "Ilikuwa inaonyesha picha."

Mfuga nyuki mmoja aliangua kicheko, wengine wakafuata, mpaka Kalunde aliposimama.

"Mimi sitaki kuandikiwa kwamba mashine ilichoka," alisema. "Naomba dada asome pale nilipobonyeza. Pote."

Nikasoma. Saa, kitufe, tayari. Saa, kitufe, tayari. Ni usomaji mkavu kuliko wowote, lakini hakuna aliyecheka tena. Nilipofika nusu, Bwana Mihayo alivua kofia. Nilipomaliza, aliomba radhi, kwa sauti ndogo, kisha mwenyekiti akamtaka arudie kwa sauti ya uzinduzi, naye akarudia. Kalunde alirudishwa kazini pale pale.

Kabla ya kuondoka nilizishusha picha hadi nafasi ya mwisho. Bwana Mihayo alisimama karibu.

"Zitakwama?"

"Zitangoja wenzao wamalize."

Alitazama sura yake kioo kizima, mkasi ukiwa nusu ya utepe, haukati. "Hata hivyo naonekana vizuri," akasema.

Siku ya kurudi basi lilikwenda taratibu, nami nikawa na nafasi ya kuwaza. Miaka yote nimekuwa nikisoma mafaili haya kutafuta nani alikuwa anafanya kazi. Mistari ya waliosubiri niliiruka, kwa kuwa ndani yake hakuna kilichotendeka. Sasa naanza na hiyo. Ofisini wanaona nimekuwa mzito, ripoti zangu zinachelewa. Ni kweli. Nikikuta neno "tayari" na hakuna zamu iliyofuata, nasimama hapo, nauliza ni kidole cha nani.