Mawe ya Bweni

Wiki hii, stendi ya Same, nilimkuta bibi akimsindikiza mjukuu wake aliyepangiwa kidato cha tano Songea.

"Bibi, si mna sekondari huko mlimani? Nasikia mwaka huu imefaulisha wote," utingo alisema, akipakia tranka.

"Tunayo. Bweni tumelijenga kwa msaragambo, kijiji kizima. Mawe nimeyabeba kwa kichwa hiki."

Basi la Dar likashusha msichana mgeni mwenye tranka na ndoo. "Shikamoo bibi. Gari la kwenda sekondari ya mlimani liko wapi?"

"Marahaba. Njoo nikuoneshe, mwanangu. Utalala pazuri, paa halivuji."

Akambebea ndoo mpaka garini. Aliporudi, basi la Songea lilikuwa limeondoka na mjukuu wake. Akasimama akiitazama barabara.

Nasi magazetini tumeipongeza shule ile kwa ushirikiano wake mzuri na wanakijiji.