Kiti cha Kushoto

Hakuna gari lililopata kutoka mikononi mwa Chenge likaondoka bila yeye kuwamo. Alikuwa fundi wa breki, na kwake yeye breki hazikuwa zimekwisha kufungwa mpaka aliyezifunga apande kiti cha kushoto, kando ya dereva, waende pamoja mahali penye mteremko. Kama kuna kilicholegea, basi na kimpate yeye kwanza.

Hakulibuni jambo hili mwenyewe. Alilikuta kwenye karakana ya kinu cha pamba alikoanza kazi ujanani, wakati malori ya ushirika yaliposhuka na marobota kutoka kinuni hadi gatini, kwa barabara iliyopenya katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba. Dereva wa kinu hakuuliza breki zimefungwa na nani. Aligeuza shingo kushoto tu. Akimwona fundi amekaa, alitia gia. Asipomwona, alizima injini akawasha sigara, na hata meneja angepiga kelele mpaka sauti imkauke, lori halikuondoka. Ndivyo watu walivyoaminiana, bila karatasi wala muhuri.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi wakaja na mizani zao wenyewe, ushirika ukasinyaa, kinu kikafungwa, na mashine zilizokuwa zikiunguruma msimu mzima zikakatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Chenge aliondoka na sanduku la spana na desturi yake. Akafungua gereji Igoma, kandokando ya barabara ya Musoma, chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye jiwe. Magari aliyoletewa yalikuwa yamekwisha kuchokwa Japani, yakapita Dubai, yakafika Mwanza yananukia marashi. Aliyafunga breki na kuyapanda vilevile, kama malori.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Nurudin, mwenye duka la vipuri Mkuyuni. Marehemu baba yake, Msafiri, alikuwa dereva wa kinu, mmoja wa wale waliogeuza shingo. Chenge alikuwa amekaa kushoto kwa Msafiri mara zisizo idadi, na kwa sababu hiyo alimhesabu Nurudin kuwa mwanawe.

Miaka hiyo ya katikati ya tisini, vijana wenye fedha mpya walikuwa wamegundua mchezo. Uwanja wa kile kinu kilichokufa, mahali wakulima walipopanga foleni na magunia yao, waliuzungushia kamba na matairi, na siku za Jumapili wakashindana kwa magari. Gari moja moja liliingia, likazunguka, mtu akapima kwa saa. Nurudin alikuwa na gari dogo jekundu alilolitengea mchezo huo tu. Kila alipoingia uwanjani kwa mzunguko wa majaribio, Chenge alikuwa kushoto kwake, kofia mkononi, kichwa amekiinamisha kuelekea gurudumu la mbele.

Siku moja Nurudin alifika Igoma na kitu alichokifunga kwenye taulo.

"Shikamoo, Mzee Chenge."

"Marahaba. Breki zinalia tena?"

"Breki hazina neno. Leo nimekuletea kazi ya kisasa."

Alifunua taulo, ikatokea kamera ya video, nzito kama tofali. Alitaka ifungwe ndani ya gari, itazame mbele, ionyeshe mikono yake kwenye usukani, kona na vumbi. Kuna wakala wa soda aliyeahidi kumdhamini, naye alitaka mkanda wa kuonyesha madukani.

"Kwani watu hawakuoni pale uwanjani?" Chenge aliuliza.

"Wanaona vumbi tu, Mzee. Nataka wakae na soda zao wanione mimi."

Chenge alichomelea kibao cha chuma kwenye bomba lililopita nyuma ya viti, akaikaza kamera hapo kwa bolti. Jumapili akapanda kama kawaida, wakazunguka.

Jioni watu walijaa dukani Mkuyuni kutazama. Picha ilitikisika kama unga kwenye chekeche. Lakini ilitosha kuonyesha kwamba nusu ya kioo cha mbele ilikuwa imezibwa na kichwa cha mzee chenye mvi, kimeinama upande, na taya lake linatafuna maneno. Chenge alikuwa na mazoea ya kusema na gari polepole: linavuta, limeachia, limeshika. Hakujua kama midomo yake hucheza.

"Nurudin, huyu umempakia akutolee pepo?" mmoja alipiga kelele.

"Hapana, anatubu kabla ya kona!"

Duka zima likacheka. Nurudin naye akacheka, akifuta machozi kwa kiganja. Wakala wa soda, mtu wa tai, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye kioo cha televisheni.

"Jina la soda yetu limebandikwa pale kwenye dashibodi," alisema. "Na mbele yake kuna kichwa cha huyu mzee."

Chenge alisimama kule nyuma karibu na mlango. Aliondoka bila kuaga.

Nurudin alimfuata Igoma siku chache baadaye. Safari hii hakukaa kwenye benchi.

"Mzee, kiti cha kushoto kitoke. Kamera ikae mahali pake."

"Na mimi nikae wapi?"

"Kivulini. Umri huo unatafuta nini kwenye vumbi?"

"Baba yako hakutia gia mpaka anione."

"Baba alibeba pamba. Mimi nabeba tangazo."

Chenge alifuta spana iliyokuwa safi tayari. Mwishowe akasema atafanya, kwa sharti moja. Jumamosi, kabla kiti hakijatolewa, atakagua breki na kupanda gari mara ya mwisho. Baada ya hapo hakuna atakayegusa breki mpaka mashindano yaishe. Nurudin akasema sawa, wakapeana mikono, akamwachia kamera akaitengenezee mahali pa kukaa.

Mke wa Chenge, Wilhelmina, aliyefuata mayai Mkolani kwa baiskeli na kuyauza Igoma, alikuta ile kamera juu ya meza ya chakula.

"Baba Kija, hicho nacho kinakula?"

"Kinakula kiti changu."

Akamweleza habari ya picha kutikisika. Mkewe akaitazama kamera kama anavyotazama kuku mgonjwa.

"Umeikaza kwa chuma juu ya chuma. Mimi ningeyakaza mayai hivyo, ningefika na uji. Mimi trei ninailalisha kwenye mto wa pamba, naifunga kwa mpira wa tyubu, si kwa kukaba sana. Iache ipumue."

"Kumbe nimeoa fundi."

"Umeoa mwenye mayai. Fundi anasubiri kuchekwa na watoto wa watu Mkuyuni."

Basi alifanya hivyo. Alitengeneza sanduku la mbao lenye mto wa pamba chini, akakata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akavipitisha huku na huku kama mtu anayesuka kitanda. Chini ya sanduku aliweka vyuma vyenye matundu, vikae kwenye bolti zilezile zilizoshika kiti. Ilikuwa kazi nzuri. Aliposhika lile sanduku akalitikisa, kamera ilitulia ndani kama mtoto mgongoni, naye akalichukia.

Jumamosi alikaa gerejini amevaa kofia yake. Nurudin hakuja. Lilipita gari la mkaa, yakapita magari ya Musoma, jua likahamia ng'ambo ya ziwa. Jekundu halikupita.

Alikutana nalo Jumapili asubuhi, uwanjani. Kiti kilikuwa kimekwisha kutolewa, na mahali pake palikuwa sakafu tupu na bolti zimesimama. Nurudin alimkimbilia na kiboksi mkononi.

"Mzee, afadhali umefika. Nimepata pedi mpya za breki, zile kali za Japani. Nifungie haraka, kisha uweke kamera."

"Tulisemaje, Nurudin?"

"Zimefika jana jioni, Mzee. Ningefanyaje? Zilizomo zimekwisha. Kama hutaki, yule pale wa pikipiki atanifungia."

Chenge akamtazama yule wa pikipiki. Alikuwa na koleo na nyundo, hana hata spana ya kufaa. Akavua kofia, akalala chini ya gari. Alifunga zile pedi kama alivyofunga zote maishani mwake, bila haraka, huku watu wakimpigia mluzi atoke. Kisha akaweka sanduku, akakaza nati zake, akaangalia kamera imetazama mbele. Alipomaliza aliuliza, "Kiti kiko wapi?"

"Kimebaki dukani."

"Basi nitachuchumaa. Pembeni ya sanduku pana nafasi."

"Mzee!"

"Mzunguko mmoja, polepole. Nizisikie zinavyoshika. Halafu nitashuka, uende na tangazo lako."

Waliokuwa karibu walianza kucheka. Mmoja akasema mzee apewe kigoda cha mama ntilie. Wakala wa soda akatazama saa yake. Nurudin akamsogelea Chenge, akamshika bega, akasema chini kwa chini, "Usiniaibishe mbele ya watu." Akavaa kofia ya chuma, akaingia. Kabla ya kuwasha aligeuza shingo kushoto, akaangalia kama taa nyekundu ya kamera inawaka. Inawaka. Akatia gia.

Chenge alisimama kwenye kamba pamoja na wauza karanga. Hakuwa amesimama upande huo wa kamba hata mara moja. Kila gari lilipokaribia kona aliikanyaga ardhi kwa mguu wa kulia, akakanyaga, akakanyaga tena, na midomo yake safari hii akaifunga kwa nguvu. Alikuwa akiogopa. Zaidi ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho hangemwambia hata Wilhelmina: sehemu yake moja ilingoja breki zikatae.

Breki zilishika. Kona ya mzani zilishika, kona ya ghala zilishika, na mwisho wa uwanja gari lilisimama limenyooka kama limechorwa na rula. Nurudin akawa wa kwanza. Wakambeba juu juu. Mkanda ulikuwa safi kabisa, picha imetulia, jina la soda linasomeka toka mwanzo hadi mwisho, na kushoto hapakuwa na mtu.

Wiki iliyofuata Nurudin alikuja na gari la mkewe.

"Shikamoo, Mzee. Hili nalo linahitaji breki. Kiti chake kipo, usinune."

"Breki sifungi tena."

"Kwa nini? Si zilishika?"

"Zilishika bila mimi. Na hizo zikafungwe bila mimi."

Nurudin alidhani ni hasira ya kupita. Akangoja kidogo, akacheka, akaondoka. Vijana wengine walikuja, kila mmoja na taulo lake, wakitaka sanduku kama la Nurudin, na Chenge akawatengenezea. Watu wakamwita Fundi Video. Mwenye breki mbovu alielekezwa ng'ambo ya barabara, kwa mtu aliyekaza nati, akapiga bodi kofi kuashiria tayari, akarudi kwenye bao lake.

Mwishoni mwa kiangazi alifika mzee wa Magu, mwenye pikapu ya mihogo, mtu wa enzi za kinu. Hakuuliza lolote. Alifungua mlango wa kushoto, akapangusa kiti kwa mkono wa shati, akasimama akingoja.

"Panda, Chenge. Hapa kwangu ni vilevile."

Chenge alikitazama kiti kwa muda.

"Umechelewa," alisema. "Limekwisha kwenda moja bila mimi."

Akamwonyesha ng'ambo ya barabara, akarudi ndani kukata tyubu.