Mahindi Mazuri Niliyompelekea Nyaguthii

Tulikuwa wanawake wanne na mtoto wa mgongoni, na wacha niwataje kwanza, mwanangu, usije ukapotea njiani. Kulikuwa na mama mkwe wangu Wairimu, mwenye boma, pale karibu na Chaka. Kulikuwa na Wangeci, kitinda mimba wake, aliyekuwa anaolewa Jumamosi ile na kijana wa Naro Moru. Kulikuwa na Nyaguthii, binti ya ndugu mdogo wa baba mkwe, aliyesoma mpaka akaandikwa kazi Nyeri mjini, kwenye maabara ya kupima vyakula. Wa nne ni mimi Wanja, mke wa Gathogo, kaka yake Wangeci. Mtoto wa mgongoni alikuwa binti yangu wa kwanza, na kwa desturi yetu alipewa jina la mama ya mume wangu. Basi boma lilikuwa na Wairimu wawili, mmoja meno hayajaota, mwingine yameanza kung'oka.

Nakumbuka siku zile za harusi kama za juzi. Uhuru ulikuwa bado haujazeeka, na mimi nilikuwa kijana wa kupenda kuonekana. Nilikuja kwa bwana na vikombe sita vya maua, zawadi ya shangazi yangu Wakonyo, na sikuona sababu ya vikombe kama vile kukaa ndani ya sanduku. Nilitaka rafu. Mbao sina. Lakini ndani ya ghala kulikuwa na mbao nne nzuri, na juu yake yamekaa magunia matatu ya mahindi. Mama mkwe alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba gunia haliwekwi juu ya udongo. Nilimwitikia vizuri sana. Siku aliyokwenda sokoni nikazitoa mbao, nikapiga misumari, nikapanga vikombe vyangu.

Mvua ya masika ikaja, ikaisha. Tulipokaribia harusi nikafungua magunia, maana githeri ya wageni, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ndiyo ilikuwa inayategemea, nikakuta mahindi ya chini yameshikana mabonge, yana kuvu ya kijani, na harufu yake ni ya kitambaa kilichosahaulika kwenye maji. Je, nilisema? Sikusema. Nilifanya vile wanawake wengi walifanya siku hizo. Niliyaosha ndani ya karai, nikayasugua, nikayaanika jua la siku tatu, kisha nikayachanganya na mazuri. Yalirudi meupe, ungedhani yamevunwa jana. Mabonge yaliyokataa kuoshwa nikawatupia bata wa mama.

Bata wawili wakafa kabla wiki haijaisha.

Mama aliwatazama pale walipolala, karibu na mabaki ya mabonge yale, hakulia wala hakugombana. Nyaguthii alikuwa amewahi kumwambia kwamba kuvu ya mahindi ina sumu isiyokufa hata ukichemsha kutwa nzima. Akaniita.

"Wanja, peleka mahindi kwa Nyaguthii ayapime. Siwezi kulisha wakwe zangu kitu kimeua bata."

"Ndio, mama."

Sasa sikiliza ujinga wangu, mwanangu. Kwetu huendi kwa mtu wa ukoo aliye mjini na kitu kibaya. Ukimpelekea viazi unachagua vikubwa, ukimpelekea maharagwe unapepeta mara mbili. Basi nikakaa na uteo mchana mzima, nikachagua punje moja moja, nene, nyeupe, zisizo na alama, mpaka kiondo kikajaa. Nilijiambia ni heshima. Lakini moyoni nilijua pia kwamba punje zile zitatoka safi, na hakuna mtu atauliza mbao zilienda wapi.

Nikafunga mtoto mgongoni, nikapanda gari la asubuhi mpaka Nyeri. Nyaguthii alinipokea na koti lake jeupe, akatupatia maziwa, kisha akatupeleka kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Akavunjavunja punje kidogo, akazimwaga kwenye sinia, akazima taa ya kawaida na kuwasha nyingine yenye mwanga wa zambarau. Akaniambia kwamba mahindi yenye kuvu ile mbaya hung'aa chini ya taa hiyo, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Tukaangalia. Giza tu. Moyo wangu ukarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Nyaguthii akawasha taa ya kawaida. Akachukua punje nzima kutoka kwenye kiondo, akaigeuza, akachukua nyingine.

"Wifi, umeniletea mahindi ama umeniletea shanga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hakuna hata moja imetobolewa. Hakuna ndogo, hakuna imevunjika. Hii umechagua."

"Ningekuja kwako na takataka?"

"Mimi hapa kazi yangu ni takataka," akasema. "Sumu haikai gunia lote. Inajificha pahali pamoja, mara nyingi chini, na kama hukuniletea hiyo ya chini hujaniletea kitu. Karatasi naweza kukuandikia. Nitaandika mahindi ya kiondo hiki ni safi. Kuhusu gunia mimi sijui."

Karatasi ndiyo niliyoitaka. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wakati alipomshika mtoto shavu, akauliza tu kama mtu anayepitisha wakati, "Na huyu, uji wake unasaga mahindi gani?"

Uji ule ulitoka magunia yale yale. Siku zote hizo nilikuwa nawaza bata, nawaza wakwe, nawaza aibu yangu, na sikuwa nimewaza kikombe cha mtoto wangu mwenyewe. Nikakaa chini pale pale na kumwambia yote, mbao, vikombe, karai, jua la siku tatu. Nyaguthii hakunikemea. Alinifundisha namna ya kuchota juu, katikati na chini ya kila gunia, akasema uji wa yale mahindi mtoto asiuonje tena. Halafu akaniambia neno gumu kuliko yote: "Lakini mama utamwambia wewe."

Nilimkuta mama anamenya viazi. Nikasema kabla miguu haijanigeuza. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Mimi nilijua mbao ziko wapi," akasema. "Si ninakunywa chai chini yake kila siku?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilingoja useme wewe. Mbao ni mbao tu. Kuoshaosha ndiko sikujua." Kisha akanyoosha kisu kumwonyesha mtoto mgongoni. "Na huko maabara si ulinibeba, mimi Wairimu? Nilikuwa naona vile unajaribu kudanganya Nyaguthii."

Mwanangu, nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Akamaliza kwa kunikemea, na kemeo lenyewe nalibeba mpaka leo: "Ukienda kwa mtu wa kukusaidia, usimpelekee uzuri wako. Uzuri hauna kazi huko. Mpelekee pale pabaya."

Kesho yake tukaenda sote wawili, na mahindi ya juu, ya kati na ya chini. Nyaguthii alipowasha ile taa, vipande vya punje nilizoziosha kwa mikono yangu vikang'aa huku na huku ndani ya giza kama macho ya paka. Mama akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Wanja, kweli uliyang'arisha," akasema.

Nyaguthii akatueleza kwamba taa ni ya kushuku tu, haihukumu. Akayasaga mahindi, akayatia dawa, akadondosha matone kwenye kioo, nasi tukangoja mpaka mchana. Jibu likaja: sumu ipo, tena nyingi, na hata kuku wasipewe. Tukachimba shimo nyuma ya boma tukayafukia magunia yote matatu. Wangeci, bibi harusi mwenyewe, alishika jembe na kusema, "Afadhali niolewe kwa viazi kuliko mnizike kwa mahindi."

Na kweli aliolewa kwa viazi. Majirani walileta viazi, njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na kabichi, na mchele ukaja kutoka Wang'uru. Watu wakala, wakaimba, vumbi likapanda mpaka magotini. Lakini shangazi ya bwana harusi, Nyambura wa Naro Moru, alikuwa na mdomo unaojulikana mpaka Nanyuki. Akageuza sahani yake huku na huku.

"Ati huku Chaka mahindi ilikataa kuota?"

Nilimwona mama anafungua mdomo kunifunika, nadhani angesema ni wadudu. Nikasimama mbele yake, nikawaeleza wakwe wote ni mahindi gani nilitaka wale, na kwa nini hawakuyala.

Nyambura akaweka sahani chini.

"Sasa wewe," akaniambia polepole, "gunia inafaa kukaa juu ya nini? Kwa sababu yangu iko kwa udongo."

"Yangu pia," akasema mwingine. Na mwingine akasema yeye huosha. Kicheko kilichoanza hapo kiliwashinda waimbaji. Jumatatu wanawake sita wa Naro Moru walikuwa mlangoni pa maabara na viondo vyao, na Nyaguthii akatuma salamu: "Mwambieni Wanja ameniletea kazi ya mwezi mzima, na hakuna hata mmoja aliyechagua."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Anika mahindi yako mpaka yakauke kabisa, yalaze juu ya mbao, na yakipata kuvu usiyaoshe wala usimtupie mnyama. Peleka yapimwe, na uchote mpaka chini. Hata wewe mwenyewe, ukienda kwa daktari, kwa mwalimu, kwa mchungaji, anza na lile unaloona aibu kulionyesha. Hapo ndipo utasaidiwa.

Mungu akupe ghala kavu na watoto wanaokula wakashiba, na akupe mama mkwe anayejua kungoja. Na kama kuna mtu wa Chaka au Naro Moru anasoma haya, na anakumbuka kwamba bata walikuwa watatu, au wale wanawake walikuwa saba, tafadhali anisahihishe. Majina nina hakika nayo. Hesabu ndiyo inanikimbia.