Klorokwini ya Cornelia

Cornelia wa kijiji cha Pito hakuwa na malaria, na hilo ndilo watu walilokataa kulielewa. Ugonjwa wake ulikuwa lupasi: kinga ya mwili imeasi, inaushambulia mwili wenyewe. Ulimvimbisha viungo, ukamtia mabaka mashavuni, na jua la mchana likawa adui yake. Majirani, ambao midomo yao haina kufuli, walisema amejichubua kwa mkorogo. Mwanamke anayeshinda akifukia majani kwenye matuta ajipake mkorogo ampendeze nani, mahindi?

Miaka ya tisini daktari mmoja mjini Sumbawanga alimweleza kwamba klorokwini, hii hii chungu ya malaria, hutuliza pia uvimbe wa lupasi. "Usiiache, mama," alimwambia. Hakuiacha. Vidole vikakunjuka, akashika jembe tena, na mumewe Felisiani akapumzika na kazi ya kupika ugali.

Ukafika mwaka 2001. Serikali ikaiondoa klorokwini kwa kuwa malaria ilikuwa imeizoea. Kwa malaria, sawa. Lakini nani aliuliza kama kuna mwingine anayeitegemea? Hakuna! Cornelia alikwenda kwenye duka la dawa la Shedrack, mojawapo ya yale yaliyochipuka kama uyoga soko huria lilipoingia.

"Imefutwa, mama. Chukua hizi, ndizo badala yake."

"Badala yake kwa malaria. Mimi sina malaria."

"Mimi nauza kinachonunuliwa," alijibu Shedrack, akamgeukia mteja mwingine.

Maduka yote yalimjibu hivyo hivyo. Mvua za kwanza zilipoanguka, vidole vilikuwa vimejikunja tena, hata kanga akifungwa na Felisiani. Msimu wa kulima ukimkuta vile, nyumba ile ingekula nini?

Wanawake wa jumuiya walikuja kusali kwake. Jirani yake Lydia alipomsikia akiililia klorokwini, alicheka.

"Ile ya kuwasha? Mbona ninayo nyumbani!"

Kumbe kila nyumba ilikuwa nayo. Dawa ile iliwawasha mwili mzima, kwa hiyo homa ikishuka tu waliiacha katikati ya dozi, masalio wakayaweka kwa ajili ya siku nyingine. Walitawanyika, wakarudi na vidonge vimefungwa kwenye pindo za kanga, wakavimimina kwenye ungo.

Felisiani alishukuru hadi machozi yakamtoka. Cornelia aliutazama ungo, hasira zikampanda. Nesi wa kliniki alishawaonya mara nyingi kwamba malaria huizoea dawa watu wasipomaliza dozi.

"Mmemeza nusu nusu mpaka malaria ikaizoea, mpaka ikafutwa," alisema. "Dawa yangu mmeiua ninyi wenyewe, huku mkinisema mkorogo! Leo mnaniletea makombo niseme asante?"

 Cornelia akaomba maji. Alijaribu kuokota kidonge kimoja, kikamponyoka, akajaribu tena. Mwishowe akafumbua mdomo, na Lydia ndiye aliyemtilia.