Dole Gumba la Bibi Afya

Kila Jumatatu Bibi Afya alizunguka kijiji cha ujamaa pale Mabawe akiwavuta watu wazima kope ya chini kwa dole gumba lake pana. "Tazama juu," huwaambia, akitafuta wekundu wa damu. Kisha huguna. "Ugali mtupu tena. Mlo mmoja haumdhuru mtu mzima. Kinachommaliza ni kile anachokula mwaka hadi mwaka. Kuleni maharage, kuleni mboga." Hufuta dole kwenye khanga, akaita mwingine. Zita, mmoja wa wanakijiji, alishachoka kumsikiliza. Migomba yao waliiacha walipohamishiwa hapa, na maharage yalikuwa yamepanda malori kwenda kwa askari vitani. Alasiri moja alimpelekea majani ya maboga, akamkuta amekaa peke yake, sahani magotini: ugali na chumvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alijibu, akiisukuma sahani chini ya kitanda kwa mguu.

Zita aliweka majani mezani, akamsogelea. "Tazama juu, Bibi."

Akamvuta kope ya chini; ndani mlikuwa mweupe kama unga. Bibi Afya hakujitoa mikononi mwake. Alitulia, macho darini, akisubiri kuambiwa ale nini.