Fortunata wa Tangawizi na Watu wa Komenti

Fortunata alipoteleza, simu ilikuwa laivu. Watu mia mbili na ushei walikuwa wakimtazama akiwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji unaoleta maji kutoka ndiva, lile bwawa walilochimba wazee, hadi kwenye shamba lake la tangawizi huko juu milimani, wilayani Same. Alikuwa ameshika kipande cha mbegu akieleza namna ya kutambua chenye macho hai. Akarudi nyuma hatua moja ili mwanga umkae vizuri. Ardhi ikamkataa. Akakaa topeni puu, mikono yote miwili juu, na neno "wapendwa" likamkatikia mdomoni.

Alicheka mwenyewe. Akainuka, akamaliza somo gauni likiwa limeganda tope nyuma. Huo ulikuwa mwaka wa tatu anafundisha kilimo kwa simu, na wafuasi wake elfu kumi na moja walikuwa watu wa kuuliza mbolea na magonjwa ya majani, si watu wa maneno.

Kesho yake mtu asiyejulikana alikata kile kipande, akakitia muziki, akakirusha. Kufikia jioni kilikuwa kimetazamwa na watu laki tatu, na komenti zikamjia kama siafu. Waliocheka tu hawakumuuma. Hata aliyeandika, "Mpare bahili jamani, hata kuanguka kaanguka kwa kipimo," alimchekesha. Waliomuuma ni wale waliomchambua kama mchele: makalio yake, meno yake, lafudhi yake ya milimani, ambayo waliiandika kwa kuipinda ili wengine wacheke.

Kisha picha yake ile ya mikono juu ikageuzwa stika, ikatembea kwenye makundi ya simu mpaka ikaingia kwenye kundi la kwaya ya usharika wao. Aliyeitumia humo ni Mzee Aminieli, mwenyekiti wa kwaya, mwenye miaka sabini na macho yasiyomtii vizuri. Aliiweka chini ya tangazo la msiba, akidhani ni mama aliyeinua mikono kuomba. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Fortunata alizima data, na kwa siku tisa hakuiwasha. Jumapili ilipofika akasingizia kichwa.

Siku ya soko aliteremka Same na magunia yake, kwa sababu tangawizi haingoji mtu apone moyo. Mteja wake mkubwa, Salha, muuza viungo anayetangaza biashara yake mtandaoni, alimtazama mara moja tu.

"Shoga, umeacha kuonekana."

"Hukuiona ile klipu?"

"Nimeiona. Mimi mwaka wa sita huu naitwa tenki la maji." Salha alijipiga kiuno, akacheka mpaka jirani yake mwenye vitunguu akageuka. "Nilikuwa nalia stoo, juu ya gunia la pilipili manga, na kule huwezi kujua unalia nini. Baadaye nikajiwekea sharti: sisomi komenti nikiwa peke yangu. Tena mlango nimeutia komeo. Lete hiyo simu."

Akamwonyesha jinsi ya kuandika maneno ambayo komenti ikiyabeba haitokei, na jinsi ya kumbloku mtu. "Anayekutishia, mpige picha ya skrini uihifadhi, polisi wapo. Wengine ni upepo."

Fortunata alirudi nyumbani akiwaza amsomee nani. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye na mama mkwe wake, Bibi Eliakunda, tangu mumewe, Loth, alipofariki miaka minne iliyopita. Kesho yake mchana, wakimenya ndizi barazani, bibi mwenyewe akamwanza.

"Mbona siku hizi huongei na watu wako wa simu?"

"Wananitukana, mama."

"Wanasemaje? Hebu nisomee."

Akamweleza sharti la Salha na lile komeo la simu, kisha akamsomea. Bibi alikuwa akijibu kila tusi kwa Chasu, lugha yao ya Kipare, kisu kikiendelea na kazi, na majibu yake hayawezi kuandikwa hapa. Kwa yule wa meno alitaka kujua kama huko kwao watu hulima kwa meno. Walicheka mpaka ndizi moja ikadondoka ikabingirika uani.

Fortunata akafika kwenye komenti moja, akaishusha simu.

"Endelea."

"Hii tuiache, mama."

"Nimesema soma."

Akaisoma kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana mume wake aliona bora afe."

Bibi Eliakunda aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwa kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Huyo alimjua mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Basi hakumsema Loth. Loth alikufa akiita jina lako, na aliyemsikia ni mimi." Akanyoosha mkono. "Hilo komeo uliloniambia liko wapi?"

Fortunata akamshikia simu. Kidole cha bibi, chenye utomvu mweusi wa ndizi, kikabonyeza mara ya kwanza kikakosea, mara ya pili kikapata. Mtu yule akatoweka. Wote wawili macho yamewalowa, bibi akaokota kisu chake.

Jumapili iliyofuata Fortunata alirudi kwaya, na baada ya mazoezi akamweleza Mzee Aminieli habari ya stika. Mzee alishika kichwa. "Nisamehe sana, mwanangu!" Akaitazama tena picha kwa karibu, akasita. "Ila nikuulize. Naweza kuendelea nayo? Sina nyingine inayoomba vizuri hivi." Waimbaji wa sauti ya nne wote wakaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko, na Fortunata akampa ruhusa mbele yao.

Wiki hiyohiyo aliingia laivu tena, safari hii amevaa buti za mpira, Bibi Eliakunda ameketi kando kwenye kigoda ili asimulie jinsi wazee walivyogawana maji ya mfereji kwa zamu. Walikuja watazamaji elfu mbili, wengi wakitafuta mwanguko. Mmoja akaandika kwamba bibi ni mchawi. Fortunata akaiinamia skrini.

"Anasemaje huyo?" bibi akauliza.

"Anasema wewe mchawi, mama."

"Mwambie ningekuwa mchawi, magugu haya ningeyang'oa nikiwa kitandani."

Matusi hayakwisha. Hata leo kuna siku neno moja humbana kifua, naye huiacha simu ndani akaenda kupalilia mpaka limtoke. Lakini siku ile, katikati ya vicheko, mkulima mmoja aliandika kwamba majani ya tangawizi yake yanageuka manjano kuanzia nchani, afanyeje? Fortunata akasogea karibu na kamera.

"Niambie kwanza, maji yanatuama hapo shambani kwako?"