Nilimcheka Mnyama Asiye na Taya

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Nilifungua mdomo kabla sijamaliza kitabu.

Mimi ni Mkenya, fundi umeme, naishi nchi jirani, mtaa wa Bugolobi. Shule niliiacha mapema, nikajisomea mwenyewe. Kitabu nakisoma sura kwa sura, siruki mbele. Wakati ule nilikuwa na kitabu kikuukuu nilichokinunua Wandegeya, kuhusu mapambo ya bronzi ya Uchina ya kale. Nilipofika katikati nikajiona mtaalamu. Mpumbavu gani hujipa cheo kwa nusu ya kitabu?

Mama Neema, mkimbizi wa Bukavu anayeuza vitenge Kansanga, akanionyesha mapambo mawili ya mlango: nyuso za mnyama, macho yametoka, pete inaning'inia puani. Marehemu mumewe alipewa na tajiri Mchina alipokuwa mpishi wake. Vitu vingine vyote vya marehemu vilibaki Kongo.

"Profesa, hii ni ya zamani ao ni ya bure? Kama ni ya bure, nichoke kubeba ya nini?"

Nikayageuza. Pembe zipo, macho yapo. Chini ya pua, hakuna taya.

"Mama Neema, hata mbuzi ana taya," nikasema, wateja wakisikia. "Fundi wa kweli atatengeneza mnyama asiyeweza kutafuna? Hizi ni takataka za mtaani."

Wateja wakaangua kicheko. Yeye akacheka kidogo, akayafunga tena ndani ya kitenge.

Wiki iliyofuata nikaanza sura mpya. Mafundi wa kale, kilisema kitabu, mara nyingi walimwacha mnyama huyo bila taya ya chini. Kwa makusudi. Picha ilifanana sana na yale niliyoyashika.

Sikumaliza ukurasa. Nikaenda Kansanga mbio. Mlango wa duka ulikuwa na kishikio kipya, kinene, kinang'aa.

"Umekiona, Profesa? Wafua vyuma wa Katwe waliyeyusha zote mbili, wakanitengenezea hiki. Ulinisaidia. Kumbe nilikuwa nalilia takataka."

Sikumwambia. Hadi leo sijamwambia, maana mimi ni mwoga pia.

Labda yalikuwa ya kale, labda hayakuwa. Hakuna atakayejua tena. Lakini yalikuwa ya mumewe, na kulijua hilo hakukuhitaji kitabu.

Wewe unayependa kuulizwa, mtu akikuletea kitu chake, uliza kwanza kilikuwa cha nani. Usipojua mengine, sema hujui. Neno hilo lingenitosha. Sasa kila nikienda kununua kitenge cha mke wangu, lazima nishike kile kishikio ndipo niingie, na ndani naitwa Profesa.